Ndoo ya Nguruwe

Ulikuwepo. Usijifanye mgeni.

Ulikuwepo maziwa ya nyumbani kwako yalipokataa kuganda. Ulitikisa kibuyu, ukanusa, ukasema labda ng'ombe kala jani baya. Halafu ukaenda dukani, ukanunua pakiti ya kiamsho, ukaimimina, maziwa yakaganda, ukanyamaza. Ulikuwepo walipokuja na misumeno kukata miti ya misesewe, wakisema gome lake ni sumu. Gome hilo ndilo lililokuwa likiipa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, uchungu wake. Babu yako alilinywa maisha yake yote na akazikwa na meno kamili kinywani. Ulijua. Ukasogea pembeni gari lao lipite. Wapo wanaokumbuka nani alishika kamba mti ulipokuwa unalazwa chini.

Kwa hiyo kaa hapa usikilize ya Mweresi, na safari hii usigeuze shingo.

*

Aikande Makundi alikuwa na pipa. Pipa la mti, linamfika kifuani, lililochongwa kabla marehemu mume wake hajazaliwa. Lilisimama kwenye kibanda nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Halikuwahi kuoshwa kwa sabuni wala kuachwa likauke. Mbege mpya ilimiminwa juu ya masalia ya mbege ya zamani, na kwenye nyufa za mbao waliishi wale wasioonekana wanaogeuza ndizi na ulezi kuwa pombe: hamira za porini, na bakteria wanaoleta uchachu. Hakuna aliyewaalika na hakuna aliyewalipa.

Mweresi ni kijiji cha juu mlimani, Kilimanjaro, na kina desturi yake. Ukienda kunywa kwa mtu unakwenda na kata yako mwenyewe, ya kibuyu, iliyorithiwa. Unachotewa, unakunywa, lakini humalizi. Funda la mwisho unamrudishia mwenye pombe, naye analimimina pipani. Wanaita kurudisha mdomo. Bibi harusi anarudisha mdomo siku anapoingia ukoo. Waliogombana wakirudisha pamoja, kesi imekwisha. Na aliyekatazwa kurudisha mdomo amefukuzwa kijijini bila hata kupigwa kofi.

Wataalamu walikuwa wakiicheka desturi hiyo mpaka walipoipima. Kibuyu kikuukuu kina vitundu visivyoonekana, na kila kitundu kina wakazi wake. Kila funda lililorudi lilipeleka wachache kutoka nyumba moja kwenda pipa la nyumba nyingine. Wengi walikufa, baadhi walikaa. Ndiyo maana pipa la Mweresi halikuwa la mtu mmoja hata likiwa kwenye kibanda cha mtu mmoja.

Kisha kampuni ya Zulali ikaleta askari.

Jina lake la maabara ni refu na halina haja. Ni bakteria wa kutengenezwa. Kazi ya uchachu inayowachukua bakteria wa porini wiki, yeye anaimaliza kwa siku, na akishaingia kwenye chombo anatoa sumu inayomaliza kila bakteria asiye wa aina yake. Akimaliza, analala. Haamki mpaka amwagiwe kiamsho, na kiamsho kinatoka kiwanda kimoja tu. Walimtia kwenye bia zao, kwenye mtindi, kwenye togwa ya chupa. Akahamia vinywani mwa watu. Mtu akinywa Zulali mchana, jioni akarudisha mdomo kwa jirani, alikuwa anamrudishia askari. Mapipa ya Mweresi yakafa moja baada ya jingine, kwa adabu zote, kwa mkono wa marafiki.

Kirangachi, kijiji cha jirani, waligombana na Zulali kuhusu chemchemi ya maji. Gari la kiamsho likaacha kupanda huko. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefungwa. Ndizi zilioza chini ya migomba. Togwa ya watoto ilikaa tamu, kisha ikaota ukungu. Kabla masika hayajakatika, wazee wao walishuka wenyewe kwenda kutia sahihi ya kuiachia kampuni chemchemi.

Aikande aliyaona hayo, akaweka ndoo.

Ndoo ya plastiki, nyuma ya pipa. Mtu akimrudishia kata yenye funda la mwisho, Aikande aliingia nayo kibandani, akageuza mgongo, na funda likaingia kwenye ndoo. Ndoo ilikwenda kwa nguruwe. Kata ilirudi kwa mwenyewe na tabasamu juu yake. Alimfanyia hivyo mchungaji. Aliwafanyia dada zake wa kuzaliwa. Alimfanyia hata mama mkwe wake, Bibi Manka, ambaye ndiye aliyemkabidhi pipa hilo.

Pipa likabaki hai, la mwisho Mweresi nzima. Lakini likaanza kukonda. Pombe yake ilikuwa nyepesi, uchachu wake wa ncha ya ulimi tu, kama wimbo uliobaki na sauti moja. Waliokunywa walisifu kwa upole. Hawakuongeza kata ya pili.

*

Mtu wa kwanza kulisema wazi alikuwa shemeji yake, Kiwia, mdogo wa marehemu. Kiwia alikodi jengo lililoachwa la kukobolea kahawa, huko bondeni, na ndani yake alilima hopsi. Hopsi ni maua ya kijani yanayotambaa juu ya kamba, yana umbo la koni ndogo, na ndiyo yanayoipa bia uchungu na harufu. Yanataka mchana mrefu kuliko huu wetu, kwa hiyo Kiwia aliyadanganya kwa taa. Bia yake ilikuwa chungu na yenye harufu ya maganda ya machungwa, na wapanda mlima waliipenda.

Shida yake ilikuwa moja. Alitaka bia iliyo na vyote, uchachu wa pipa na uchungu wa ua, na vitu hivyo viwili havielewani. Hamira haijali hopsi, lakini bakteria wa uchachu wanaziogopa. Ukitia hopsi mwanzoni, wanagoma na bia inabaki bila ukali. Ukichachusha kwanza ukachemsha, umewaua na unabaki na kinywaji maiti. Alijaribu kutengeneza vyombo viwili, kimoja kikali na kingine kichungu, akachanganya mwishoni. Aikande alionja, akamwambia kinafaa kung'arishia vitasa.

"Nipe mbegu ya pipa lako, uone kama sitatengeneza kitu," Kiwia alimwambia kila alipopanda.

"Hujaoa, shemeji. Mbegu ya ukoo utaipeleka wapi?"

"Na wewe unalificha pipa kama kampuni inavyoficha. Tofauti yenu ni kanga tu."

Walikuwa wakitaniana hivyo siku zote, na siku zote Aikande alicheka. Siku hiyo hakucheka. Kiwia aliona, akajifanya hakuona. Alikuwa amekuja na gunia la hopsi zilizoungua kwenye kikaushio, alitaka kuziweka kwenye shina la mgomba kama mbolea. Nyingi alizimwaga kwenye migomba. Zilizobaki akazitupa kwenye ndoo aliyoikuta nyuma ya pipa, akiamini ni ya taka.

*

Siku chache baadaye Bibi Manka aliingia uani asubuhi, fimbo mbele.

Aikande akamwamkia. Bibi Manka akaitikia kwa haraka, kama mtu anayelipa nauli ili apite.

"Nguruwe wamegoma," alisema. "Nguruwe hawa walishakula kandambili yangu na kamba yake. Leo wamekaa mbali na kihori kama wanakwaya waliokosa chai. Umewapa nini?"

Aikande alisema ni masimbi ya kawaida, machicha ya pombe. Kiwia, aliyekuwa uani akinoa panga, akasema kama ni ile ndoo ya kibandani, basi yeye alitupa hopsi humo, na uchungu wake nguruwe hawauwezi.

Bibi Manka alikuwa mwanamke anayeonja kila kitu, pamoja na dawa za wajukuu. Alikwenda kwenye kihori, akachovya kidole. Akasimama. Akachota kiganja kizima, akafumba macho.

"Lete ndoo yenyewe," alisema.

Ndoo ilikuwa na povu nene, jeupe, linalopumua. Aikande aliliona, akainama kulitazama karibu, kwa sababu pipa lake halikuwa limetoa povu la namna hiyo kwa miaka. Bibi Manka alikunywa kwenye kata yake, taratibu, akilamba midomo.

"Huu ni ukali wa kwa Ndesario. Unashika hapa, nyuma ya taya. Pipa lake lilikuwa la kwanza kufa." Akanywa tena. "Na huu mwingine, wa kama ngozi mbichi, ni wa kwa marehemu Mamkinda. Kuna ua geni juu yake, silijui, lakini chini ni wao. Mapipa yote yaliyokufa yako kwenye ndoo ya nguruwe. Mama Elinami, nieleze," alimwambia Aikande kwa jina la mtoto wake.

Aikande akamweleza. Hakupamba. Alisema juu ya askari vinywani mwa watu, juu ya mgongo aliougeuza, juu ya mafunda yote.

"Na yangu?" Bibi Manka aliuliza.

"Na yako, mama."

Bibi Manka aliiweka kata chini. "Kwa hiyo nimezika mume, nimezika mwanangu, na kila baada ya msiba nimekuja hapa kurudisha mdomo kwa nguruwe."

Kiwia alikaa na panga mapajani, hajui alitazame au aliweke.

"Ningekuuliza kwa nini," mama mkwe alisema, "lakini pipa liko hai, kwa hiyo sababu naiona. Ninachokuuliza ni hiki. Watu wote hawa wanaamini wamo humo ndani. Nani alikupa ruhusa ya kuwatoa?"

*

Kiwia alibeba chupa ya ile pombe ya ndoo mpaka bondeni. Huko alikuwa na jicho.

Jicho unalijua, unalo jikoni. Kidude cha kubandika, ukubwa wa kifungo cha koti. Linaonja kilichomo. Askari wakiwa wametawala chombo, linawaka buluu. Wasipokuwepo, linakuwa jeusi. Sheria ya vinywaji inasema kila chombo kinachochachusha kiwe na jicho, na chombo chenye jicho jeusi ni kichafu, kinachukuliwa. Pipa la Aikande halikuwa na jicho. Kwa serikali na kwa Zulali, pipa hilo halikuwepo duniani.

Kiwia alibandika jicho kwenye chupa. Likawa jeusi pale pale.

Hakuamini. Ndoo ile ilikuwa imepokea mafunda ya kijiji kizima, na kijiji kizima kinakunywa Zulali. Ilitakiwa iwe buluu kama mbingu. Akaleta bia ya Zulali, askari wabichi, akamwaga nusu kikombe ndani ya chupa. Jicho likawaka buluu. Akaliacha, akaenda kufunga kamba zake. Aliporudi jioni ya siku iliyofuata lilikuwa jeusi tena, na kilichomo kilikuwa kikali zaidi.

Alipanda mlima akihema kuwaeleza. Bakteria ana ngozi, alisema, na uchungu wa hopsi unaitoboa ngozi hiyo, matundu matundu, kama paa bovu wakati wa masika. Asidi inavuja ndani. Bakteria asiyezoea anazama humo humo. Askari alilelewa kwenye sukari, hajawahi kuonja uchungu tangu atengenezwe, anakufa. Lakini hawa wa Mweresi, waliosalia kwenye vitundu vya kata za kurithi, waliishi na gome la msesewe tangu mapipa yalipoanza. Walishajifunza kutoa maji nje haraka kuliko yanavyoingia. Uchungu kwao ni nyumbani. Ndiyo maana kwenye ndoo uchachu na hopsi vimekaa pamoja, jambo ambalo yeye alilihangaikia kwa mitambo na taa akashindwa.

"Kwa hiyo gome lilikuwa mlinzi," Aikande alisema polepole.

"Gome lilikuwa mlinzi."

"Na wao walikuja kukata miti kwanza. Kabla ya kuleta hata chupa moja."

Wote watatu walikuwa wanaikumbuka ile misumeno. Askari walikuja baada ya misesewe kuisha, si kabla. Sasa unajua, na wewe unayesoma. Ulidhani walikuwa wanakulinda na sumu.

Kilichofuata kilikuwa ugomvi. Kiwia alitaka ndoo ishuke kwake kimya kimya, ifungiwe, izalishwe kidogo kidogo, asiambiwe mtu. Pipa libaki kama lilivyo. Alisema siri imefanya kazi mpaka leo. Bibi Manka alisema pipa lirudishiwe watu wake: ndoo imiminwe humo pamoja na hopsi, na kuanzia hapo kila mtu arudishe mdomo kweli, mbele ya macho yake.

Aikande ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Pipa lilikuwa limekaa miaka bila msesewe na bila mafunda. Huenda waliomo walishasahau uchungu. Akimimina ndoo na hopsi, kuna uwezekano awaue wa pipa kwa hopsi, na askari waliojificha kwenye kata za watu wammalizie waliobaki. Akiacha kumimina, pipa litakonda mpaka liwe maji ya ndizi, na ataendelea kuwageuzia watu mgongo mpaka afe. Alisema atafikiri. Mama mkwe alimwambia afikiri akiwa anatembea, kwa sababu Jumapili kwa Ndesario wanapokea bibi harusi, na bibi harusi atakuja kurudisha mdomo.

*

Jumapili uwanja wa Aikande ulijaa. Na kati ya waliokuja alikuwepo Eliapenda, mpwa wa Ndesario, afisa wa Zulali wa kanda nzima. Alikuja na shati safi na kata ya babu yake. Alimwamkia kila mtu mzima, mmoja mmoja, kwa majina. Hakuwa mtu mbaya wa hadithi. Alikuwa mtoto wa pale pale aliyejua pipa liko wapi tangu akiwa anatambaa, na hakuwahi kulisema ofisini. Mpaka wiki hiyo.

Alimvuta Aikande pembeni, lakini si mbali kiasi cha watu kutosikia. Alimweleza kwamba ukaguzi unakuja, kwamba hawezi tena kulificha. Alikuwa ameongea na wakubwa. Pipa lingewekwa kwenye ghala la baridi la kampuni, na jina la ukoo wa Makundi juu yake, na Mweresi wangepewa kiamsho bila malipo.

"Mama, nakuja kuliokoa," alisema. "Kwetu halitakufa kamwe."

"Litanywewa na nani?" Aikande aliuliza.

Eliapenda alifanya jambo ambalo mtu wa nje asingelielewa. Aliomba achotewe. Akanywa, akabakisha funda, akamrudishia kata kwa mikono miwili. Kila mtu alijua anakunywa Zulali asubuhi, mchana na jioni, ndiyo kazi yake. Aikande akilikataa funda, amemfukuza mtoto wa kwa Ndesario siku ya harusi. Akilipokea, amelimaliza pipa kwa mkono wake na kampuni haina haja hata ya gari.

Aikande alisimama na ile kata. Mgongo wake ulijua njia ya kwenye ndoo. Hakugeuka.

"Sogeeni karibu," alisema. "Wote. Tangu mapipa yenu yafe, hakuna funda lenu hata moja lililoingia humu. Nilikuwa nawamwagia kwenye ndoo ya nguruwe. Nililiokoa pipa kwa kuwatoa nyinyi ndani yake, na sikuwauliza."

Ndesario, mwenye harusi, alivua kofia yake akaitazama ndani kana kwamba alisahau kitu humo. Mwanamke mmoja alichukua kata yake, akaifunga kwenye kanga, akaondoka bila kuaga. Wengine wawili wakamfuata. Dada yake Aikande alilia, kimya, amekasirika.

"Hata funda la msiba wa mama yetu?" dada alisema.

"Hata hilo."

Ndipo Bibi Manka alipoingia kibandani, akatoka na ndoo, akaiweka katikati ya uwanja. Aliwaambia waonje kwanza, watukane baadaye. Ndesario alionja. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu. Alipomeza, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hilo ni pipa lake.

Baada ya hapo ilikuwa zamu yao kuamua, na Aikande aliwaeleza yote: askari, gome, hopsi, na kwamba wanaweza kupoteza lililobaki. Walibishana mpaka chakula kikapoa. Waliosema lisiguswe walikuwa na hoja. Mmoja alisema pipa lililokonda ni bora kuliko pipa lililokufa. Mwishoni bibi harusi, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema yeye amekuja kurudisha mdomo na angependa kuambiwa unaingia wapi.

Kiwia alimimina hopsi. Bibi Manka alimimina ndoo. Kisha Aikande, mbele ya Eliapenda, akamimina funda la Eliapenda, taratibu, mpaka tone la mwisho. Na baada yake wote waliobaki, bibi harusi wa kwanza. Eliapenda alitoa jicho mfukoni akalibandika kwenye ubao wa pipa, kwa kuwa sasa pipa lipo duniani. Likawaka buluu.

"Mmejiua wenyewe," alisema. Hakusema kwa furaha. Aliondoka bila kula.

*

Lilikaa buluu wiki nzima. Watu walikuja kulitazama kama mgonjwa. Aikande hakulala kitandani, alijikunja kwenye mkeka kibandani, na waliomuuliza aliwajibu kwamba anasikiliza. Wale watatu walioondoka hawakurudi. Dada yake alipita barabarani bila kugeuza uso.

Jumapili iliyofuata, watu wakitoka kanisani, Bibi Manka alifika wa kwanza, akainama karibu na ubao.

"Limefumba," alisema.

Lilikuwa jeusi. Juu ya pombe kulikuwa na povu kama la kwenye ndoo. Aikande alichota, akanywa, akampa Ndesario, na Ndesario akampa dada yake Aikande, aliyekuwa amesimama mlangoni bila mtu kujua amefika saa ngapi. Ukali ulishika nyuma ya taya, kisha uchungu ukafuata, kisha harufu ya ua. Haikuwa mbege ya zamani. Hakuna aliyedai ni ile. Dada alikunywa, akabakisha funda. Akalimimina mwenyewe.

Lakini jicho likifumba, ofisi inapata habari papo hapo. Simu ya Eliapenda iliingia kabla kata haijamaliza duru. Alisema gari la kuchukua pipa limeshapangwa, linapanda kesho asubuhi, na kwamba hana la kufanya. Lakini hakukata simu. Kisha akauliza kama funda lake nalo limo. Aikande akamwambia limo.

Kiwia alitaka walishushe pipa bondeni, walifiche nyuma ya kamba za hopsi, apate kijana mmoja au wawili wa kulibeba. Alikuwa ameshafungua mlango wa kibanda.

"Nilishaficha mara moja," Aikande alisema. "Fungua huo mlango vizuri, shemeji. Fungua na lango la barabarani. Mwite kila mwenye chombo."

Kiwia alimwambia watu watauza. Wapo watakaolipeleka Zulali wenyewe kwenye chupa, kabla ya jua kuzama. Aikande alisema anajua, na kwamba hawezi tena kuchagua nani awemo. Akachukua kata, akaanza kuchota.

Wakati huu unaposoma, foleni imefika barabarani. Wana ndoo, madumu, vibuyu, sufuria, kuna mzee kaja na birika la chai. Kila mmoja anapewa pombe na konzi ya hopsi, anaambiwa asioshe chombo kwa sabuni, na anaambiwa naye agawe. Wa Kirangachi wamefika, wale wa chemchemi. Pipa moja gari linaweza kulibeba. Gari la kubeba jikoni zote za mlima huu bado hawajalitengeneza.

Na wewe bado umekaa. Unasubiri uone itaishaje, halafu useme ulikuwepo. Gari ni kesho asubuhi. Lango liko wazi. Bandua hilo jicho jikoni kwako, chukua chombo chochote kisichovuja, panda Mweresi leo. Kunywa, usimalize. Na hilo funda la mwisho, limimine kwa mkono wako.